Mtungi wa Chuma Ulionyang'anywa Kata: Tathmini ya Chemchemi za Wallace za Paris

Anayetembea Paris kwa miguu katika miezi ya joto hachelewi kukutana na wanawake wanne wa chuma, waliopakwa rangi ya kijani kilichokolea, wamepeana migongo na kubeba kuba iliyochongoka, na katikati yao uzi mwembamba wa maji unashuka kutoka juu na kupotelea kwenye karai lililofunikwa wavu. Hizo ndizo chemchemi za Wallace. Maji yake ni ya kunywa, ni salama, na hayalipiwi hata senti moja. Hata hivyo nimewaona wageni wengi wakizizunguka, wakizipiga picha, kisha wakivuka barabara kwenda kununua maji ya chupa, kwa sababu hakuna lolote katika umbo lile la fahari lililowaambia kwamba wamesimama mbele ya bomba. Naandika tathmini hii kwa ajili yao, na kwa ajili ya kila anayetaka kujua kama huduma iliyoanzishwa mwaka 1872 bado inastahili kuitwa huduma, au imebaki sanamu yenye maji ndani.

Kwa maoni yangu inastahili, lakini ina upungufu mmoja mkubwa ambao haukuwapo siku ilipozinduliwa. Ni mtungi mzuri kuliko yote iliyomo mjini humo, na ni mtungi ulionyang'anywa kata yake, yaani chombo chake cha kuchotea maji. Upungufu huo hauwezi kueleweka bila kujua chemchemi hizi zilibuniwa na nani, katika shida gani, na kwa ajili ya mnywaji wa namna gani.

Paris ya mwanzo wa karne ya 19 ilikuwa mji wenye mto mkubwa na kiu kubwa. Watu wengi walikunywa maji ya Seine, mto uleule uliopokea taka za mji, na wengine waliwategemea wachukuzi waliouza maji kwa ndoo, wakipanda nazo ngazi hadi orofa za juu. Kipindupindu cha mwaka 1832 kiliua watu zaidi ya 18,000 katika mji huo. Ni wakati wa utawala wa Napoleon III ndipo mhandisi Eugène Belgrand, akifanya kazi chini ya Haussmann aliyekuwa akiubomoa mji na kuujenga upya, alipoanza kuleta maji ya chemchemi za mbali. Mfereji wa Dhuis, wenye urefu wa kilomita 131, ulianza kufikisha maji mjini mwaka 1865, na ule wa Vanne ukafuata mwaka 1874. Kati ya miaka hiyo miwili ikaja vita. Majeshi ya Prussia, dola ya Kijerumani, yaliuzingira mji kuanzia Septemba 1870 hadi Januari 1871, na kabla watu hawajapumua ukafuata utawala wa Komuni, serikali ya waasi wa mji, kuanzia Machi hadi Mei, uliomalizika kwa mapigano ya barabarani na moto. Mifereji ya maji iliharibiwa, bei ya maji ikapanda, na walioumia zaidi walikuwa maskini, kwa kuwa mtu asiye na bomba nyumbani hununua kila tone analokunywa. Ilifika mahali divai ikawa rahisi kupatikana kuliko maji safi, na mfanyakazi aliyetaka kukata kiu tu alijikuta akiingia kilabuni.

Richard Wallace aliyaona hayo kwa macho yake. Alizaliwa London mwaka 1818, lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Paris, akiwa katibu wa Marquess (cheo cha ukabaila cha Uingereza) wa nne wa Hertford na mshauri wake katika ununuzi wa kazi za sanaa. Marquess huyo, mmoja wa matajiri wakubwa wa zama zake, alifariki mwezi Agosti 1870 na kumwachia utajiri mkubwa sana, wiki chache tu kabla ya mji kuzingirwa. Wengi wenye uwezo waliondoka. Wallace alibaki, akagharimia huduma kwa majeruhi na msaada kwa wenye njaa, na baadaye akajenga hospitali katika kitongoji cha Levallois, iliyofunguliwa mwaka 1879. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kwa mtu huyu nadhani methali hiyo inapimwa vizuri kuliko kwa maskini, kwa sababu wapo waliorithi kama yeye katika mwaka uleule na wasiache hata jiwe. Mapigano yalipokoma angeweza kujijengea mnara uwanjani. Badala yake aliwasabilia watu wa Paris maji.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. London ilikuwa na chama cha hisani kilichoundwa mwaka 1859 kwa kazi hiyo hiyo ya kujenga mabomba ya bure mitaani, na waliopiga vita ulevi walikiunga mkono kwa nguvu, wakiamini kwamba mtu mwenye maji karibu hatalazimika kunywa pombe. Kilichokuwa kipya ni kwamba Wallace aliifikiria huduma hiyo kama mtu aliyeishi miaka mingi kati ya vitu vizuri. Aliweka masharti manne, na mpaka leo sijaona mwongozo bora kuliko huo kwa yeyote anayebuni kitu cha kuwekwa barabarani. Chemchemi iwe ndefu kiasi cha kuonekana kwa mbali, lakini isizidi hata kuharibu mandhari ya mtaa. Umbo lake lipendeze macho na litumike kwa urahisi. Gharama yake iwe ndogo kiasi cha kuwezesha kutengenezwa kwa makumi. Na malighafi yake iwe imara, rahisi kufinyangwa na rahisi kutunzwa. Sharti la mwisho ndilo lililoamua kwamba chemchemi hizi ziwe za chuma cha kusubu. Kielelezo kikishachongwa mara moja, kielelezo kilekile hutumika kutengeneza kalibu ya kumiminia chuma cha sanamu ya pili, ya kumi na ya hamsini bila mchongaji kushika tena patasi, na hivyo uzuri ambao zamani ulikuwa wa kasri moja ukaweza kugawanywa mitaani.

Michoro ya kwanza aliichora Wallace mwenyewe, kisha akamkabidhi mchongaji Charles-Auguste Lebourg, mzaliwa wa Nantes, aliyeikamilisha na kuipa uhai. Kazi ya kusubu ilifanywa na kiwanda cha Val d'Osne katika jimbo la Haute-Marne. Wallace alitoa chemchemi 50, na manispaa ikachukua jukumu la kuchagua mahali pa kuziweka na kuziunganisha na maji, kazi iliyokuwa chini ya idara ya Belgrand. Ya kwanza ilisimikwa katika barabara ya boulevard de la Villette mwezi Agosti 1872, na watu walisongamana kuitazama. Tangu vita vilipokoma hadi maji yale yalipotoka haukupita hata mwaka mmoja na nusu, na katika mambo yote ya historia hii hilo ndilo linalonigusa zaidi, kwa maana mji uliokuwa bado na magofu ya moto ulipewa kitu kizuri bila kuambiwa usubiri mpaka upone.

Tuje kwenye chemchemi yenyewe. Muundo mkubwa, ambao ndio maarufu, una kimo cha mita 2.71 na uzito wa kilo 610. Chini kuna kitako chenye pande nane, juu yake wamesimama wanawake wanne, na juu yao kuna kuba iliyopambwa kwa pomboo. Mpita njia atadhani wanawake hao ni mmoja aliyerudiwa mara nne, lakini sivyo, na nakushauri uzunguke taratibu mara mbili kabla ya kunywa. Wanawakilisha Wema, Unyofu, Ukarimu na Kiasi. Unyofu na Kiasi wamefumba macho, ilhali Wema na Ukarimu wameyafumbua. Wanatofautiana pia katika goti lililokunjwa na katika namna vazi lilivyokunjamana kifuani. Katika kitako cha zile za zamani utaona jina la Lebourg na mwaka 1872. Naona busara kubwa katika mpangilio wa macho. Anayetoa, iwe kwa wema au kwa ukarimu, ni lazima awaone anaowapa, na anayejizuia ana haki ya kufumba macho yake. Sina hakika kama Lebourg alikusudia tafsiri hiyo, lakini sanamu inayomruhusu mtu afikiri hivyo huku akisubiri zamu yake ya kunywa imefanya kazi zaidi ya ile iliyolipiwa.

Wapo wanaosema kwamba urembo huu wote ni wa ziada, na kwamba bomba la kawaida lingetoa maji yaleyale. Sikubaliani nao. Bomba bovu la mtaani huvunjwa, husahauliwa, na siku moja huondolewa bila mtu yeyote kuuliza. Chemchemi hizi zimepita katika vita viwili vikuu vya dunia, zimeshuhudia mabomba yakiingia karibu kila nyumba, na bado zipo zaidi ya 100 mjini humo, nyingi zikiwa za muundo ule ule mkubwa. Zimebaki kwa sababu watu wanazipenda, na wanazipenda kwa sababu ni nzuri. Zaidi ya hayo, mwaka 1872 asiyekuwa na kitu alizoea kupewa kilicho duni, na hapa alipewa maji chini ya kuba, katikati ya sanamu zilizochongwa na mtu aliyejua kazi yake, akinywea mahali palepale anaponywea tajiri aliyeshuka kwenye gari la farasi. Heshima hiyo ilikuwa sehemu ya huduma, sawa na maji.

Sasa nifike kwenye kata. Chemchemi ya Wallace haikubuniwa kwa ajili ya chupa, wala kwa ajili ya mtu kuinamisha kichwa na kukinga mdomo. Ilibuniwa kwa ajili ya kikombe. Kila chemchemi ilikuwa na vikombe viwili vya bati vilivyofungwa kwa mnyororo, ambavyo vilikaa ndani ya maji wakati wote visipotumika, kwa nia ya kuviweka safi. Mnywaji alikichukua kikombe, akakikinga chini ya uzi wa maji, akanywa, akakirudisha, na aliyefuata akafanya vivyo hivyo. Ukijua hilo, kila kipimo cha umbo lile kinaeleweka. Nafasi kati ya mwanamke mmoja na mwingine ni ya mkono wenye kikombe. Maji yanashuka kwa uzi mwembamba kwa sababu kikombe ni kidogo na hakihitaji zaidi, na kwa sababu mji ulikuwa na upungufu wa maji. Hata wembamba wa wanawake wale una faida yake, kwa kuwa unaacha njia ya mkono kila upande, ili watu zaidi ya mmoja waweze kusimama bila kusukumana.

Miaka 10 baada ya chemchemi ya kwanza kusimikwa, yaani mwaka 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria wanaosababisha kifua kikuu. Tangu hapo kikombe cha pamoja kilianza kutazamwa kwa hofu, na kwa haki. Maji yaliyokizunguka yalikisuuza, lakini kusuuza si kuua vijidudu. Huko Marekani jimbo la Kansas lilipiga marufuku vikombe vya pamoja katika maeneo ya umma mwaka 1909. Paris ilichelewa sana, kwani vikombe vya Wallace viliendelea kutumika hadi mwaka 1952, vilipoondolewa kwa amri ya baraza la afya ya umma la jimbo la Seine. Siwezi kuilaumu amri hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba waliotoa kikombe hawakuweka chochote mahali pake. Chombo kilichokuwa katikati ya ubunifu wote kiliondolewa, na umbo likaachwa vilevile, kana kwamba kikombe kilikuwa pambo na pambo lilikuwa huduma.

Matokeo yake ni haya. Asiye na chombo leo hana njia nzuri ya kunywa kwenye muundo mkubwa. Kichwa hakipiti vizuri kati ya sanamu, na kukinga maji kwa kiganja kunalowesha mkono wa nguo kabla hujapata mafunda mawili. Mtoto mdogo hufika kwa shida, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu huzuiwa na kitako kilichojitokeza mbele, hivyo hulazimika kumwomba mwingine amkingie. Huduma iliyokusudiwa kumfaa yule asiye na chochote mfukoni sasa inamtaka awe walau na chupa. Hilo si jambo dogo, hasa wakati wa joto kali, ambapo wanaolala nje ndio wanaoyahitaji maji hayo kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa kosa hilo siwezi kuipa huduma hii alama zote, ingawa moyo wangu ungependa.

Kuhusu maji yenyewe sina la kulalamikia. Ni maji yaleyale yanayotoka kwenye mabomba ya majumbani, yanayosambazwa na shirika la umma la Eau de Paris, na karibu nusu yake hutoka chini ya ardhi, ilhali nusu nyingine ni maji ya Seine na Marne yaliyosafishwa. Niliyakuta baridi na yasiyo na harufu. Kwa sababu uzi wa maji haukatiki, maji hayalali ndani ya bomba la chemchemi yakapata joto, na hiyo ni faida ya muundo wa zamani ambayo mabomba ya kubonyeza hayana. Upande wa pili wa faida hiyo ni maji yanayopotea bila mtu kuyanywa, gharama ambayo mji umekubali kuibeba. Jambo la kukumbuka ni msimu. Kwa kawaida chemchemi hufunguliwa katikati ya Machi na kufungwa katikati ya Novemba, kwa sababu maji yakiganda ndani ya mabomba yanaweza kuyapasua. Anayekwenda Paris mwezi Januari asizitegemee.

Ipo miundo mingine mitatu. Mdogo, wenye kimo cha mita 1.32 na uzito wa kilo 130, hupatikana zaidi katika bustani na viwanja vya kuchezea watoto, nao hutoa maji kwa kubonyeza kitufe. Kwa matumizi ya kila siku huo ndio rahisi kuliko yote, ingawa hauna urembo wa kumfanya mtu asimame. Muundo wa nguzo uliwabadilisha wale wanawake wanne kwa nguzo nyembamba ili kupunguza gharama, na zilizobaki ni chache mno. Muundo wa ukutani nao umebaki mmoja tu, katika barabara ya rue Geoffroy-Saint-Hilaire, karibu na bustani ya mimea ya Jardin des Plantes, ambako maji huangukia kwenye bakuli chini ya uso wa mwanamke wa majini. Anayependa historia aende huko mapema asubuhi, kabla wapita njia hawajawa wengi, kwani mtaa huo hauachi nafasi kubwa ya kusimama na kutazama.

Kwa muundo mkubwa, ningeanzia place Émile-Goudeau huko Montmartre, ambapo uwanja ni mdogo, una miti, na chemchemi imewekwa mahali ambapo macho huifikia kabla ya kitu kingine. Iliyo mbele ya duka la vitabu la Shakespeare and Company, karibu na Notre-Dame, hupigwa picha zaidi, lakini kuna msongamano, na ni vigumu kuizunguka kama nilivyoshauri. Katika avenue d'Ivry, katika wilaya ya 13 ya mji, yenye wakazi wengi wa asili ya Asia, ipo iliyopakwa rangi nyekundu. Wapo waliochukizwa na mabadiliko hayo ya rangi. Mimi naiona ina manufaa, kwa kuwa kijani cha asili kilichaguliwa ili chemchemi ifanane na miti na vifaa vingine vya barabarani, na kufanana huko ndiko kunakowafanya wageni wapite bila kujua kwamba pana maji. Nyekundu haikubali kupuuzwa. Hata hivyo nisingependa zote zibadilishwe.

Ushauri wangu wa mwisho unahusu chombo. Wengi huja na chupa, nayo hujaa polepole, kwa sababu maji ni membamba na mdomo wa chupa ni mdogo, kwa hiyo sehemu kubwa humwagikia mkononi. Chukua kikombe, kiwe cha bati au cha plastiki ngumu, kinachoingia katika mfuko wa koti. Kipitishe kati ya Wema na jirani yake, kikinge katikati, na kitajaa kabla mkono haujachoka, kwa sababu nafasi ile iliachwa kwa ajili yake.